Kawia Ufike: Siku Tatu za Kungoja Nafasi ya Meli Mwanza

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja hugombana. Moja yasema, "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako." Nyingine yasema, "Kawia ufike." Mimi nilikuwa karani wa ghala kwa muda wa miaka thelathini, na katika kazi hiyo niliishi kwa methali ile ya kwanza. Sikupenda kuchelewa, wala sikumpenda mtu aliyechelewa, na ile methali ya pili niliiona kuwa udhuru wa wavivu. Lakini katika mwezi wa Desemba nilikaa siku tatu katika mji wa Mwanza nikingojea nafasi katika meli iliyojaa, nikajifunza jambo ambalo nadhani yafaa wasomaji walijue, hasa wale wasafirio majini.

Sababu ya safari yangu ilikuwa hii. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu ambaye kwao ni Bukoba, alikuwa akimwoza binti yake. Tulijuana zamani alipokuwa akikaa Kisumu, tukawa kama ndugu wa tumbo moja. Alinipigia simu akaniomba niwe mmoja wa wazee watakaosema neno siku ya kumuaga bibi harusi, yaani Jumamosi. Ndoa yenyewe ingekuwa kesho yake, Jumapili. Mtu akikuheshimu hivyo, huna budi kwenda. Basi Jumatano alfajiri nikapanda basi pale Kisumu nikiwa na sanduku moja tu. Ndani yake mlikuwa na suti yangu nyeusi na blanketi zuri la sufu nililomnunulia yule binti.

Njia ya Kisumu hadi Mwanza ni ndefu, lakini haichoshi macho. Hupita Kisii na Migori mpaka Isebania, na ukivuka mpaka unajikuta Sirari, katika nchi ya Tanzania. Baada ya Tarime barabara huvuka Mto Mara, kisha hufika Bunda, na mbele yake hupita kando ya mbuga ya Serengeti upande wa magharibi, mahali ambapo abiria mwenye bahati aweza kuona punda milia akiwa ameketi katika kiti chake. Jua lilikuwa limekwisha kutua tulipoingia Mwanza, mji wa mawe makubwa yaliyopandana, kana kwamba jitu fulani liliyapanga likaondoka kabla ya kumaliza kazi.

Wako watakaoniuliza kwa nini nisiende mpaka Bukoba kwa basi. Jibu langu ni kwamba mimi ni mtu wa ziwa. Nimekulia Kisumu, mji ambao meli ya William Mackinnon ilishushwa majini mwaka 1900, baada ya vipande vyake kuletwa kutoka pwani na kuungwa pale. Miaka sitini baadaye meli ya Victoria nayo ililetwa vipande vipande kutoka Scotland, ikaungwa Kisumu, ikawa fahari ya nchi zetu tatu. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi. Karibu nusu yake ni ya Tanzania, na sehemu yetu Wakenya ni ndogo, kama asilimia 6 tu. Hata hivyo, mtu aliyezaliwa ukingoni huliona lote kuwa lake. Nilitaka nilale Mwanza na kuamka Bukoba, kama baba zetu walivyosafiri.

Alhamisi asubuhi nikaenda bandarini kununua tikiti. Karani aliyekaa dirishani alikuwa msichana mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nataka nafasi ya daraja la pili hadi Bukoba, usiku wa leo."

"Mzee wangu, pole. Meli imejaa tangu juzi. La kwanza, la pili, la tatu, yote yamejaa."

Nikamwuliza imekuwaje. Akanieleza kwamba mwezi wa Desemba watu wa Kagera waliotawanyika katika miji yote ya Tanzania hurudi kwao kula Krismasi, kuwaona wazee na kusafisha makaburi ya jamaa zao. Mtu akitaka nafasi katika majuma hayo, sharti ainunue mapema. Kwa kweli kosa lilikuwa langu. Mimi niliyejivuna kwa kutochelewa nilikuwa nimetoka nyumbani bila tikiti, nikidhani kwamba meli ni kama basi la Kibuye, ambalo likijaa hupatikana lingine. Nikaenda stendi kutazama mabasi yaendayo Bukoba kwa njia ya lile daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Nayo yalikuwa yamejaa mpaka Jumatatu.

Nikarudi dirishani. Yule binti akaniambia, "Naweza kukuandika katika orodha ya wanaongoja. Abiria aliyelipa asipofika mpaka saa mbili usiku, nafasi yake hupewa aliye wa kwanza katika orodha." Akachukua pasipoti yangu, akaandika jina langu lote, herufi kwa herufi, na namba ya simu. Nilikuwa wa kumi na moja.

Wasomaji wasidhani kwamba jambo hili ni la bandari zetu tu. Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko meli za matembezi zilizo kubwa kama mji, zenye vyumba zaidi ya elfu, na watu hulipa fedha nyingi ili wazunguke baharini kwa majuma mawili na kurudi pale pale walipoanzia. Meli hizo nazo hujaa. Zikijaa, kampuni huandika majina ya wanaongoja, nao hukaa nyumbani masanduku yakiwa yamefungwa, wakiitazama simu. Mtu mmoja akiugua au akighairi, mwingine huitwa. Tajiri wa huko na karani mstaafu wa huku, wote wawili hungoja kwa moyo ule ule.

Na moyo huo si mzuri. Mtu aliye katika orodha hana kwao; hawezi kuondoka, wala hajafika. Nilikaa juu ya benchi la mbao nje ya lango, nikaanza kufanya hesabu. Ili mimi nipande, ilihitajiwa watu kumi na mmoja wasifike. Kila teksi iliyosimama na kumshusha mtu mwenye tikiti niliiona kama adui. Nakiri mbele yenu kwamba mchana ule niliwatakia watu nisiowajua wapasukiwe na magurudumu njiani, na mmoja wao apatwe na homa kidogo, si ya kumwua, ya kumlaza tu.

Karibu yangu alikuwa ameketi mama mmoja wa umri wa miaka sitini na zaidi, ana kikapu na mfuko wa vitambaa. Alikuwa wa nane katika orodha. Hakuwa akitazama teksi. Alikuwa akichambua mchele katika ungo mdogo, kama mtu aliye jikoni kwake. Tulisalimiana, akanigawia karanga, akaniambia kwamba anafanya biashara ndogo Mwanza na kila mwaka huenda Kemondo, karibu na Bukoba, kuwaona jamaa zake.

Saa mbili usiku karani akatoka na karatasi yake, akasimama chini ya taa. Akaita jina la kwanza, la pili, la tatu. Kila aliyeitwa aliinuka mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani. Aliita majina saba, kisha akakunja karatasi. "Wengine mtusamehe," akasema. "Safari ijayo ni Jumapili, na orodha itaendelea hapo ilipoishia."

Pale pale akaja bwana mmoja mnene, amevaa vizuri, akasema kwa sauti kubwa kwamba yeye hawezi kuandikwa katika orodha kama watoto wa shule, na kwamba yeye anajulikana. Karani akamjibu, "Nakujua, mzee, na meli imejaa." Yule bwana akataja majina ya wakubwa. Akajibiwa maneno yale yale. Mwisho akaondoka kwa hasira, na mimi, kwa aibu nasema, nilikuwa upande wake. Niliona kwamba meli ile ilikuwa kubwa kama nyumba ya ghorofa, taa zinawaka kila dirisha, na mtu mmoja juu yake asingeizidishia uzito kuliko nzi juu ya tembo.

Ndipo kijana mmoja aliponisogelea gizani. Hakuwa mfanyakazi wa meli. Akaninong'oneza kwamba ipo njia ya kupitia kwa wapagazi wa mizigo, na kwamba nikitoa kitu kidogo cha chai nitakuwa ndani kabla ngazi haijaondolewa. Nikafikiri juu ya rafiki yangu, na juu ya kiti changu kati ya wazee kitakachokuwa kitupu siku ya Jumamosi. Mkono wangu uliingia mfukoni.

Yule mama hakuinua macho. "Baba," akasema, "ukipanda kwa huko, utapanda bila jina."

Nikamjibu kwa kiburi, "Jina langu ninalo mwenyewe, mama, hata nikipanda kwa dirisha."

Akasema, "Na mume wangu alikuwa nalo mwenyewe."

Alisema hivyo tu. Lakini niliutoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, na yule kijana akaenda kutafuta mtu mwingine. Saa tatu meli ikapiga honi, ikajitenga na gati polepole. Tulibaki wanne wa orodha tukiitazama mpaka taa zake zikawa kama nyota chache juu ya maji.

Kesho yake asubuhi yule mama alinichukua mpaka Igoma, nje kidogo ya mji. Huko ndiko walikozikwa watu wengi waliokufa katika meli ya MV Bukoba. Kulikuwa kimya, majani yalikuwa na umande, na kwa mbali malori yalisikika barabarani. Akanionyesha makaburi, akasimama katikati. Hakwenda kwenye kaburi fulani, kwa kuwa hakujua ni lipi, wala kama mumewe yumo.

Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka habari ile. Meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba na Kemondo kwenda Mwanza, ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Katika orodha ya daraja la kwanza na la pili yalikuwamo majina 443, yaani hapo peke yake hesabu ilikuwa imekwisha kupita. Abiria wa daraja la tatu, ambao ndio wengi, hawakuwa na orodha. Kwa sababu hiyo hata leo hakuna mtu awezaye kusema kwa hakika waliokufa walikuwa wangapi. Wengine husema 500, wengine 800, wengine karibu 900. Tanzania nzima iliomboleza siku tatu.

Mume wa mama yule alipanda Kemondo na mikungu yake ya ndizi, daraja la tatu. Yeye alikuwa Mwanza, akimngojea gatini. Aliponisimulia hakulia, alisimulia kama mtu aelezaye njia ya kwenda sokoni. "Walipoanza kusoma majina," akasema, "nilisikiliza mpaka mwisho. Jina lake halikusomwa. Nikamshukuru Mungu, nikasema hakupanda. Nikaenda nyumbani nikapika. Siku ya pili nikapika tena. Watu wa Kemondo walipokuja ndipo wakaniambia wamemwona akipanda, na kwamba meli ilikuwa imejaa, na mtu fulani alimwambia, 'Panda tu, nafasi ipo.' Juma zima sikujua kama mimi ni mke wa mtu au mjane. Hapakuwa na karatasi duniani iliyosema kwamba alikuwamo."

Nikamwuliza jambo lililonisumbua: anawezaje kupanda meli tena baada ya hayo?

"Barabarani watu hawafi?" akanijibu. "Mimi siliogopi ziwa, baba. Naogopa meli isiyojua kuhesabu. Jana nilipoandikwa wa nane, nikaitiwa watu saba, nikaambiwa imejaa, nilijua kwamba meli ile inajua kuhesabu. Jumapili nitaipanda nilale usingizi."

Tulirudi mjini kwa daladala bila kusema sana. Njiani nilikumbuka kazi yangu ya ghala. Tulikuwa na desturi kwamba gunia lisiloandikwa katika daftari halikubaliwi kuingia, hata kama nafasi iko. Vijana wapya waliona kuwa huo ni ukaidi. Niliwaambia kila mara kwamba gunia moja lisiloandikwa laharibu hesabu ya magunia yote elfu, maana tangu hapo daftari linasema uongo. Jambo hilo nililijua kwa mahindi, na usiku ule bandarini nilikuwa tayari kulisahau kwa ajili ya nafsi yangu.

Hesabu ya abiria haitungwi kwa kuwatesa watu. Kila chombo kina kipimo chake. Watu wakizidi, hasa wakijaa juu, uzito wote hupanda, na chombo hupoteza uwezo wa kujirudisha kikilala upande. Mabaharia walijua hayo zamani, lakini ilibidi watu wengi wafe kabla sheria haijasikia. Katika Uingereza, mbunge Samuel Plimsoll alipigania kwa miaka mingi alama ichorwe ubavuni mwa kila meli ya mizigo, ili kila mtu aone imelemewa au haikulemewa. Mwaka 1876 ikawa sheria. Meli ya Titanic ilipozama Aprili 1912 ilikuwa na watu kama 2,200, lakini mashua zake za kuokolea zilikuwa na nafasi 1,178 tu. Zaidi ya watu 1,500 wakafa, na mnamo Januari 1914 mataifa yakafanya mapatano mjini London kwamba nafasi za mashua zilingane na idadi ya watu.

Hapa kwetu somo hilo limerudiwa mara nyingi mno. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilizama karibu na pwani ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272 waliokuwa wakienda kazini. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka hatua chache kutoka gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Katika kila msiba wa namna hii wako watu waliofika wamechelewa, wakaomba wahurumiwe, na wakahurumiwa.

Ijumaa jioni nilimpigia simu rafiki yangu. Nilikuwa nimejipanga kumwomba radhi kwa maneno marefu. Nikamwambia kwamba niko Mwanza, kwamba meli ilijaa, kwamba nimewekwa katika orodha mpaka Jumapili, na kwa hiyo sitakuwapo siku ya kumuaga mtoto wala siku ya ndoa. Akanyamaza kwa muda, hata nikadhani simu imekatika.

"Umesema walikukatalia kwa kuwa imejaa?" akauliza.

"Ndiyo. Hata bwana mmoja mkubwa walimkatalia."

"Basi, ndugu yangu, kesho nitasimama mbele ya wageni niwaambie hivyo hivyo. Hapa Bukoba hakuna nyumba itakayokulaumu."

Jumapili jioni tulikuwa tena juu ya benchi lile lile. Sasa yule mama alikuwa wa kwanza, nami nilikuwa wa nne. Karani aliita majina matano. Kila mmoja wetu alionyesha kitambulisho, jina likasomwa, likatiwa alama kwa kalamu, ndipo akapita. Ajabu ni kwamba karatasi ile iliyoniudhi siku ya Alhamisi nilitamani sasa kuitazama mara ya pili, nihakikishe jina langu limeandikwa sawasawa. Nilipopanda ngazi nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika safari zangu zote: nilimwuliza baharia mahali yalipo maboya, naye akanionyesha, akanifundisha namna ya kufunga kamba.

Saa tatu tukang'oa nanga. Jiwe la Bismarck, lililosimama majini karibu na mji kama mtu anayelinda lango, lilipita upande wetu jeusi. Taa za vilima vya Mwanza zilibaki nyuma, zikapungua, kisha tukawa peke yetu na upepo. Juu ya sitaha vijana waliimba. Chini watoto walilala juu ya mafurushi. Nilimwona yule mama amejikunja pembeni, kitambaa kichwani, amelala fofofo kabla hatujavipita visiwa. Mimi mwenyewe nilikaa macho kwa muda mrefu, nikisikiliza injini, nikifikiri juu ya maji meusi yaliyokuwa chini yetu na juu ya wale waliosafiri usiku kama huu katika mwezi wa Mei.

Alfajiri tulisimama Kemondo. Harufu ya ndizi mbichi ilitufikia kabla hatujafunga kamba. Yule mama alishuka na kikapu chake. Nilimshukuru, nikamwambia kwamba nisingejua la kumlipa. "Nenda salama, baba," akasema, "na ukifika, wapigie watu wako simu." Sikupata kumwuliza jina lake, jambo ambalo lanihuzunisha, kwa kuwa nimeandika makala nzima juu ya majina.

Jua lilipochomoza tuliona kisiwa cha Musira na majabali yake, na mbele yake mji wa Bukoba, wa kijani kibichi kila upande. Rafiki yangu alikuwa gatini. Tulikumbatiana. Nyumbani kwake nilipewa buni za kutafuna, kama ilivyo desturi ya Wahaya kwa mgeni, nikapewa ndizi na samaki, nikaketi katika kiti kilichokuwa kimewekwa kwa ajili yangu tangu Jumamosi. Nikafungua sanduku, nikatoa blanketi, nikauliza yuko wapi mtoto.

"Amekwenda kwa mumewe," akasema rafiki yangu. "Jana jioni. Huku si kwao tena."

Tukatazamana, kisha tukacheka mpaka mama wa nyumba akaja kuuliza kuna nini. Hivyo methali zote mbili zilitimia katika safari moja: nilichelewa nikakuta mwana si wetu, na nilikawia nikafika. Ile ya kwanza iliniuma, nami sitasema kwamba haikuniuma. Neno langu la mzee lilisemwa na mtu mwingine, na siku ile haitarudi. Lakini blanketi lilipelekwa siku ya pili yake, na yule binti alinipigia simu akashukuru, nami nilikuwapo kuipokea simu.

Kwa wasomaji watakaosafiri majini nina maneno machache ya kuwaachia. Nunua tikiti mapema, hasa miezi ya sikukuu. Ukikuta nafasi zimekwisha, omba uandikwe katika orodha, na uhakikishe jina lako limeandikwa kama lilivyo katika kitambulisho chako. Usimpe fedha mtu yeyote asiyekaa dirishani. Mtoto wako naye aandikwe, hata akiwa mgongoni. Na ukiambiwa kwamba chombo kimejaa, usimtukane aliyekuambia, wala usimtafutie mkubwa wa kumtisha. Katika bandari nyingi mtu kama huyo hukosekana, na mahali alipokosekana kuna makaburi. Mshukuru, ukae juu ya benchi, ungoje siku yako.